Kuba Ilipopita Barabara ya Dodoma

Kibaigwa watu wanaijua kwa mahindi. Malori yamepanga foleni kwenye soko la kimataifa la nafaka, makuli wanapanda na kushuka na magunia, madalali wanapatana bei na wanunuzi waliotoka mbali. Ndivyo mji huu wa Wilaya ya Kongwa unavyojulikana na kila anayepita barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Dodoma. Lakini barabara hiyohiyo ina historia nyingine, na hiyo ni ya magitaa. Ukiiacha Gairo nyuma na kurudi mashariki unafika Morogoro ya Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe. Ukienda magharibi, ukapita Mbande, unaingia Dodoma, mkoa wa Patrick Balisidya. Sisi wa Kibaigwa tuko katikati ya watu hao watatu, na sijui kama kuna kipande kingine cha barabara nchini kilicho na haki kubwa zaidi ya kujivunia muziki wa dansi.

Mwaka 2001, huko Marekani, bendi ya hevi metali iitwayo Ill Niño ilitoa albamu yake ya kwanza, Revolution Revolución. Vijana wale wenye asili ya Amerika ya Kusini na visiwa vyake walichukua magitaa yanayonguruma wakayaweka pamoja na ngoma za mkono za Kilatini, wakaimba kwa Kiingereza na Kihispania. Ilikuwa kazi nzuri, na wapenzi wa muziki mzito waliipokea kama jambo jipya. Kwa upande wa metali lilikuwa jipya kweli, au karibu na jipya. Ila ndoa ya gitaa la vijana na mdundo wa Kuba ilifungwa mapema sana katika nchi yetu, na wazee wake walikuwa watu wa Morogoro ambao hawakuwahi kuiona Kuba kwa macho yao.

Ilianza na santuri. Mwaka 1933 kampuni ya HMV ya Uingereza ilianza kuuza barani Afrika mfululizo wa santuri zilizoandikwa herufi GV na namba. Nyingi zilikuwa nyimbo za Kuba zilizorekodiwa miaka michache kabla, ukiwamo El Manisero wa okestra ya Don Azpiazu wa Havana, uliorekodiwa New York mwaka 1930 ukazunguka dunia nzima. Mfululizo huo uliendelea hadi mwaka 1958. Gramafoni ya kukaza kwa handeli haikuhitaji umeme, kwa hiyo Kuba iliweza kulia barazani katika mji ambao haukuwa na hata waya mmoja wa taa. Katika miji ya reli na barabara, mahali penye duka la Mhindi au hoteli ya Mwarabu, santuri ya GV ilikuwa bidhaa kama kanga na sukari.

Kwa nini ziliwanasa watu wetu kiasi kile? Jibu la kawaida ni kwamba muziki wa Kuba ulitoka Afrika, ukavushwa bahari na watu waliouzwa utumwani kutoka Kongo na Afrika Magharibi, kisha ukarudi nyumbani. Ni kweli, lakini halitoshi. Katika muziki wa son wa Kuba mwimbaji hutangulia na wenzake hujibu. Mwanzo wa wimbo huenda polepole ukisimulia, halafu nusu ya pili inapamba moto na kiitikio kinarudiwarudiwa hadi wachezaji waloe jasho. Mtu aliyekulia kwenye ngoma za Wagogo au za Waluguru hakuhitaji kufundishwa kuitika. Katika son pia vijiti viwili vya mbao ngumu vinagongwa mapigo matano, matatu upande mmoja na mawili upande wa pili, na kila chombo kinapata mahali pa kuegemea. Tena kuna jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha: maneno mengi ya Kihispania huishia kwa irabu kama ya kwetu. Kijana wa Morogoro aliweza kuimba ubeti mzima asiouelewa na ukakaa vizuri mdomoni, kisha akaondoa Kihispania na kuweka Kiswahili bila kuuvunja mdundo. Kwa Kiingereza kazi hiyo ingemchosha.

Salum Abdallah alizaliwa Morogoro mwaka 1928, baba yake akiwa na asili ya Kiarabu na mama yake Mluguru. Jina lake kamili, Salum Abdallah Yazide, ndilo lililofupishwa kuwa SAY, na herufi hizo tatu bado zinawaambia kitu wazee wanaopenda dansi. Baba alikuwa mfanyabiashara, akataka mwanawe ashike biashara. Mwana alitaka santuri. Inasimuliwa kwamba ujana ulimpeleka hadi Mombasa akitafuta meli ya kumfikisha Kuba, akajifunze muziki kwa wenyewe, na kwamba safari ikaishia hapohapo bandarini. Iwe ilikwenda hivyo au iliongezewa chumvi na wasimulizi, kilichofuata kinajulikana: alirudi kwao akaamua kuijenga Kuba yake hapo chini ya Milima ya Uluguru.

Mwaka 1948 alianzisha bendi akaiita La Paloma, jina la wimbo maarufu uliotungwa na Mhispania Sebastián Iradier katika karne ya 19 baada ya kufika Kuba. Baadaye bendi ikawa Cuban Marimba. Tazama namna jina hilo lilivyosimama: Kuba upande mmoja, na upande wa pili marimba, chombo ambacho Wagogo wamekitengeneza kwa ukubwa na ustadi ambao umewaleta hapa wataalamu wa muziki kutoka mabara mengine.

Mwaka huohuo wa 1948, kilomita chache tu kutoka Kibaigwa, Waingereza walikuwa wanang'oa miti Kongwa. Mpango wao wa kulima karanga, uliojulikana kama Mpango wa Karanga, ulianza mwaka 1947 kwa matrekta, hata kwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta, na kwa reli iliyojengwa kutoka Msagali. Udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, mvua ikagoma, na Januari 1951 Serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha baada ya kupoteza takribani pauni milioni 36. Nautaja kwa sababu mbili. Kwanza, miaka ile barabara na reli za kati zilijaa vijana wenye mshahara, watu waliotoka makabila mbalimbali na kulazimika kuelewana kwa Kiswahili, nao ndio umati ambao muziki wa dansi uliuhitaji ili ukue. Pili, inanipa faraja kujua kwamba wakati mradi mkubwa wa kigeni ukifa Kongwa kwa kutoisikiliza ardhi, mradi mdogo wa mwenyeji ulikuwa unastawi Morogoro kwa kusikiliza.

SAY hakuiga tu. Santuri zake zilizotolewa na Mzuri Records, lebo ya kampuni ya Assanand ya Mombasa, zinaonyesha mtu anayechukua mapigo ya rumba na chacha, vijiti, manyanga na bongo, kisha anaweka juu yake utunzi wa Kiswahili wenye mafumbo, heshima na mapenzi ya kwetu. Kuna Ngoma Iko Huku, kuna Shemeji, kuna Beberu, kuna Wanawake wa Tanzania. Huu wa mwisho jina lake lenyewe linausogeza kwenye miezi ya mwisho ya maisha yake, kwa kuwa nchi ilianza kuitwa Tanzania Oktoba 1964 naye alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Hakufikisha miaka 40. Uongozi wa bendi ukashikwa na Juma Kilaza, na jina la Kuba halikufutwa.

Mwaka huohuo wa 1965 Wakuba halisi walikuwa wanapita nchini kimyakimya. Che Guevara na wenzake waliingia Dar es Salaam, wakavuka Ziwa Tanganyika kwenda kupigana Kongo, na Novemba wakarudi Kigoma wameshindwa. Kuba ya bunduki ilikaa miezi michache. Ile ya santuri ilikuwa imeshatimiza zaidi ya miaka 30.

Turudi nyuma kidogo, kwenye hotuba ambayo kila anayeandika historia ya muziki wetu lazima akabiliane nayo. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alilihutubia Bunge na kutangaza Wizara mpya ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisikitika kwamba wengi waliosoma walijua kucheza rumba, chacha, twisti na rokenroli, lakini gombesugu au lelemama hata kuisikia hawakuwahi. Mimi namheshimu Mwalimu kwa hotuba ile, maana bila wizara ile huenda ngoma nyingi zingekufa. Lakini ona alivyoziweka rumba na rokenroli katika kapu moja la vitu vya kigeni. Kwa msomi wa Dar es Salaam aliyejifunza rumba kwenye ukumbi wa Wazungu, alikuwa sahihi. Kwa fundi cherehani wa Morogoro aliyekuwa mwanachama wa klabu ya dansi, aliyezijua nyimbo za SAY kwa moyo na asiyekuwa na neno hata moja la Kihispania, rumba ilikuwa imeshakuwa mali yake.

Historia ilimpa haki fundi huyo, na ilifanya hivyo kwa njia ya kushangaza. Mwaka 1969 Umoja wa Vijana wa TANU uliendesha Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na dawa za kujichubua. Novemba ya mwaka huo muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Vijana wa mjini waliokuwa wanaiga Wamarekani waliambiwa waache. Rumba je? Hakuna aliyeigusa. Bendi za mashirika na za umoja wa wafanyakazi ziliendelea kuipiga, NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 ikiwa mbele, na Radio Tanzania ikairekodi na kuirusha kama muziki wa taifa. Katika muda wa miaka saba rumba ilitoka kwenye orodha ya vitu vya kigeni ikaingia kwenye ghala la utamaduni, bila tangazo lolote. Wanamuziki kama SAY walikuwa wameshaifanya kazi hiyo kabla wanasiasa hawajaizungumzia.

Kilichobaki kilikuwa sauti kubwa, na hapo ndipo anapoingia Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Alizaliwa mwaka 1944, mwaka uleule ilipoanzishwa Morogoro Jazz, bendi ambayo ingekuja kumpa jina. Alijiunga nayo katikati ya miaka ya 1960, na mji wa Morogoro ukagawanyika sawasawa: wa Cuban Marimba huku, wa Morogoro Jazz kule. Upinzani huo uliwafaa wote wawili. Katika santuri za Cuban Marimba za miaka ya 1950 gitaa bado linakaa kwa adabu nyuma ya mwimbaji. Kwa Mbaraka gitaa la solo limesogea mbele kabisa, la umeme, linang'ata, linavuta nyuzi hadi zilie. Rizimu inashika mapigo, besi inatembea, saksafoni zinajibu, na nusu ya pili ya wimbo, ile iliyotoka Kuba kama kiitikio cha sauti za watu, sasa inakuwa uwanja wa gitaa. Mwaka 1970 bendi hiyo ilikwenda Japani kuiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka.

Miezi ileile dunia nzima ilikuwa inatafuta kitu kinachofanana. Agosti 1969 bendi ya Santana ya California ilitoa albamu yake ya kwanza, gitaa la roki juu ya ngoma za Kilatini, na mwezi huohuo ikauwasha moto uwanja wa Woodstock. Februari 1970 Black Sabbath ya Birmingham ilitoa albamu yake ya kwanza, ile ambayo wengi wanaihesabu kuwa kisima cha hevi metali. Sisemi kwamba Mbaraka alikuwa anapiga metali. Hakuwa, na hakuhitaji. Ninachosema ni kwamba swali alilokuwa analijibu Carlos Santana, yaani gitaa la umeme linaweza kufanya nini likisimama juu ya mdundo wa Kuba, Mbaraka alikuwa analijibu pia, kwa Kiswahili, na majibu yake yamezeeka vizuri.

Mwaka 1973 alitoka Morogoro Jazz akaunda Super Volcano. Shida, wimbo wake wa miaka iliyofuata, ulimfanya nyota Kenya kama alivyokuwa nyumbani. Januari 1979 alifariki kwa ajali ya gari Mombasa. Barabara zimetupokonya vinara wawili wa Morogoro, na wote wawili walikuwa bado hawajafika miaka 40.

Sasa upande wa Dodoma. Patrick Pama Balisidya alizaliwa mwaka 1946 Mvumi, kijiji cha misheni ya Kianglikana, akakua baina ya nyimbo za kanisani na ngoma za Ugogo. Alipiga gitaa, alipiga kinanda, aliimba kwa sauti laini yenye huzuni kidogo ndani yake hata anapoimba furaha. Alipita Dar es Salaam Jazz, bendi kongwe iliyoanzishwa mwaka 1932, kisha akaunda Afro 70 na kuupa mtindo wake jina la Afrosa. Katika kizazi kile yeye ndiye aliyekaribia roki kuliko wengine wote, kwa sababu hakuyaogopa mawimbi ya nje wala hakuyapigia magoti. Kinanda cha umeme kwake si pambo, kinabeba wimbo. Gitaa linalia kwa namna ambayo kijana aliyezoea roki ya miaka ya 1970 angelitambua mara moja. Chini ya hayo yote, kama mkeka, ipo rumba ileile iliyokuja na GV. Mapema mwaka 1977 Afro 70 iliiwakilisha Tanzania kwenye tamasha kubwa la sanaa za watu weusi, FESTAC, huko Lagos.

Hapa ndipo neno "albamu" linapopata uzito. Bendi zetu hazikuanza na albamu. Zilianza na santuri ndogo, wimbo mmoja kila upande, dakika tatu au nne, na wimbo mrefu ukikatwa vipande viwili ili msikilizaji aigeuze santuri kusikia mwisho wake. Kile kipande cha pili ndicho kilichokuwa cha magitaa. Watu wengi nchini waliijua nusu ya moto ya wimbo kama upande wa pili wa santuri. Nyimbo nyingine zilirekodiwa Radio Tanzania kwa ajili ya redio tu na hazikuuzwa kabisa dukani, na aliyetaka santuri ya biashara alitazama Nairobi. Bendi iliyokuwa na uwezo wa kupiga usiku kucha bila kupumzika ililazimika kujieleza kwa dakika tatu.

Kwa hiyo Balisidya alipokwenda Sweden mwishoni mwa miaka ya 1970, akaingia studio na Archimedes Badkar, alipata nafasi ambayo SAY hakuwahi kuipata. Archimedes Badkar ilikuwa bendi ya roki ya vijana wenye masikio mapana, waliokuwa wameshacheza na muziki wa Asia na wa Afrika katika albamu zao za awali. Matokeo yakawa Bado Kidogo, albamu nzima yenye majina ya Afro 70 na Archimedes Badkar, santuri kubwa yenye nafasi ya kutosha kila upande. Mgogo wa Mvumi anaimba Kiswahili, wanamuziki wa roki wa Ulaya Kaskazini wanamfuata, na kinachowaunganisha ni mapigo yaliyosafiri kutoka Afrika hadi Kuba, kutoka Kuba hadi Morogoro, na sasa yakapanda hadi Skandinavia. Ukiniuliza albamu ya Tanzania iliyo jirani zaidi na ile ndoa ya roki na Kilatini wanayoisifu Wamarekani, nitakupa hii.

Haikuuzwa hapa kama ilivyostahili. Miaka ya 1980 ilikuwa migumu: magitaa, spika na hata nyuzi viliagizwa nje, na fedha za kigeni hazikuwapo. Bendi nyingi zilikufa kwa kukosa vyombo, si kwa kukosa watunzi. Afro 70 haikurudia tena nguvu yake ya mwanzo. Balisidya alifariki Agosti 2004. Wimbo wake Harusi hautaki kuzeeka. Ukipigwa ukumbini, hata vijana waliozaliwa baada ya kifo chake huinuka. Nyimbo za SAY nazo zilikusanywa na kutolewa Ujerumani mwaka 2000 katika sidii iliyoitwa Ngoma Iko Huku, miaka 35 baada ya kifo chake.

Metali yenyewe imefika Afrika Mashariki. Mwaka 2020 vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, walitoa albamu ya kwanza ya kundi lao Duma kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, muziki mkali wa kelele na mashine uliosikilizwa hadi Ulaya. Rumba haimo humo, na si lazima iwemo. Lakini kama kuna kijana wa Kibaigwa au Kongwa mwenye gitaa, kompyuta na hamu ya kutengeneza albamu ya kwanza ya metali ya Kitanzania yenye mdundo wa Kilatini, asianzie Marekani. Atafute Ngoma Iko Huku, kisha santuri za Morogoro Jazz, kisha Bado Kidogo, azisikilize kwa mpangilio huo. Aanze na nusu ya pili ya kila wimbo, pale vijiti vinapokaza mapigo matano na gitaa la solo linapoachiwa njia.